Mali Bila Daftari: Simu Yangu Ndogo na Fedha za Kikundi

Hotuba hii ilitolewa na mweka hazina wa kikundi kimoja cha kina mama, katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia hapa Muthetheni. Tumeichapa karibu kama alivyoisema, kwa sababu tunaona itafaa vikundi vingine. Mwishoni tumeweka maswali ya kujadiliana.

 

Nimeambiwa nizungumze juu ya simu. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, maana simu niliyo nayo ni hii hapa. Mnaiona? Ni ile ya kubonyeza. Haina picha, haina intaneti, na kifuniko chake cha nyuma nimekifunga kwa mpira. Wajukuu wangu huiita kabambe. Wengine hapa mnaiita mulika mwizi kwa ajili ya hii tochi iliyo juu. Nikauliza, mtu mwenye simu kama hii atawafundisha watu nini? Mwenyekiti akaniambia, "Mama, wewe sema tu yale yaliyokupata." Basi nimekuja kusema yaliyonipata. Si mazuri, lakini ni ya kweli, na wenzangu wa kikundi wanayajua.

SIMU HII TULIIPOKEA KWA FURAHA

Kwanza nisiitukane simu. Ninyi wazee mnakumbuka tulivyokuwa. Mtoto akienda kutafuta kazi Nairobi au Mombasa, barua ilikuja kwa posta, au ililetwa na kondakta wa matatu, na bahasha ikifika ilikuwa imekunjwa mara nne. Pesa zilikuja kwa mani oda, na kuzichukua ni safari ya siku nzima. Mtu akifariki Nairobi, sisi huku tungeweza kukaa siku mbili tukilima bila kujua kwamba tumefiwa.

Mwaka 2000 ndipo Safaricom na Kencell zilipoanza kuuza laini kwa wananchi. Wakati huo simu ya mkono ilikuwa ya mwalimu mkuu na ya mwenye duka. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ya Ufini ikatoa ile Nokia 1100, yenye tochi, na vitufe vyake vimefunikwa ili vumbi lisiingie. Simu hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani kote. Ilitengenezwa ikiwafikiria watu wa mahali kama hapa, penye vumbi na giza. Ndipo na sisi tukaanza kuwa na simu.

Halafu mwezi wa tatu mwaka 2007 ikaja M-Pesa. Nataka mjue jambo moja juu ya M-Pesa, kwa sababu linatuhusu sisi wa vikundi. Mwaka 2005, kabla haijatolewa kwa wananchi wote, ilijaribiwa na watu waliokuwa katika vikundi vya mikopo midogo. Nia ilikuwa warudishe mkopo kwa simu bila kusafiri. Lakini wale watu walipoipata, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Watu wadogo kama sisi ndio walioonyesha kazi yake.

Na jambo la pili: M-Pesa haikai ndani ya simu kubwa wala simu ndogo. Inakaa kwenye laini. Kwa hivyo mimi na kabambe yangu naweza kutuma na kupokea sawasawa na yule mwenye simu ya elfu thelathini. Betri yangu ikijaa inakaa siku nne, tano. Ikianguka naiokota, naunganisha vipande, inawaka. Sasa mtu aseme kwamba ni simu mbaya?

KITUFE KIMOJA, HERUFI TATU

Lakini simu hii ina tabia zake, na mtu asipozijua zinamgharimu. Mimi zilinigharimu, kwa hivyo nitazitaja tatu.

Ya kwanza ni kioo chake. Ni kidogo kama sanduku la kiberiti. Meseji ndefu haitoshei. Unasoma mistari minne, unashuka, unasoma minne mingine. Jua likiwaka huoni kitu, unaweka kiganja juu kama mtu anayetazama ng'ombe wa mbali. Watu wengi wa umri wangu tunasoma ile mistari ya juu, tukiona neno la pesa tunaridhika. Mistari ya chini hatuifikii.

Ya pili ni vitufe. Kitufe kimoja kina herufi tatu au nne. Ukitaka kuandika herufi ya tatu unabonyeza mara tatu. Na vitufe vyangu vimefutika, namba saba haionekani tena, naijua kwa kupapasa. Kwa hivyo sisi hatuandiki, tunapiga simu. Au tunampa mtoto aandike. Na mtoto ukimpa aandike leo, kesho unampa akutumie pesa, na kesho kutwa ile namba ya siri anaijua kuliko wewe.

Ya tatu ni sanduku la meseji. Simu hizi za zamani zinabeba meseji chache tu. Zikijaa, kuna kibahasha kidogo kinawaka na kuzima hapo juu. Maana yake ni kwamba hakuna nafasi, meseji mpya zinangoja nje. Wangapi hapa mmeona kile kibahasha? Wangapi mlijua maana yake? Mnaona! Mikono ni michache. Na tangu mwaka 2023 wakulima waliosajiliwa wamekuwa wakiletewa habari za mbolea ya ruzuku kwa meseji. Mtu anakaa akisema serikali imemsahau, kumbe meseji iko nje inabisha hodi na sanduku limejaa.

SIKU ILE YA MWEZI WA KUMI

Sasa nifike kwa jambo lenyewe.

Kikundi chetu tuko kina mama ishirini. Kila mwezi kila mmoja anatoa shilingi 250, zinakuwa 5,000, na zinapewa mmoja wetu kwa mzunguko. Mimi ndiye mweka hazina. Wengine wananipa mkononi, wengine wananitumia kwa simu, na zile za mkononi naziweka kwa wakala ili zote ziwe pahali pamoja. Mahali hapo palikuwa ni laini yangu mwenyewe, hii ninayopokelea pesa kutoka kwa watoto wangu. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mwezi wa kumi mwaka jana zamu ilikuwa ya mama mmoja ambaye ni mjane. Amenipa ruhusa niseme habari hizi, na yuko hapa. Alitaka zile pesa kwa mbegu za ndengu na kulipa ng'ombe za kulima. Ninyi ni wakulima, sihitaji kuwaeleza. Huku kwetu mvua ya vuli ndiyo tunayoitegemea, na ndengu tunataka ziwe ardhini kabla ya mvua au pamoja na mvua ya kwanza. Ukichelewa wiki mbili, mvua inakwisha maua yakiwa bado hayajafunga.

Siku hiyo nilikuwa sokoni, saa saba mchana, miwani nimeiacha nyumbani. Kwenye laini kulikuwa na zile 5,000 za kikundi na 640 zangu. Simu ikatetemeka. Nikafungua. Nikasoma mistari ya juu: nimepokea shilingi 3,500 kutoka kwa mtu fulani. Sikumjua. Kabla sijashuka chini simu ikalia. Ni kijana, sauti yake ya adabu sana. "Shikamoo mama. Samahani mama, nimekosea namba moja, nimekutumia pesa za hospitali. Mtoto yuko hapa na hawawezi kumshughulikia kabla sijalipa. Tafadhali mama, nirudishie. Toa mia mbili ya soda, unitumie 3,300."

Mimi ni mzazi. Nikasema ngoja. Akakata, baada ya dakika moja akapiga tena. "Mama, umetuma?" Nikasema natafuta kivuli. Akapiga mara ya tatu, na safari hii nikasikia mtoto akilia nyuma yake. Ndugu zangu, pengine alikuwa mtoto wa jirani, pengine ilikuwa redio, sijui. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nikabonyeza namba, nikaweka 3,300, nikaweka namba ya siri, nikatuma. Nikangoja meseji ya kuthibitisha. Haikuja. Nikafikiri ni mtandao. Yule kijana hakupiga tena, nikasema moyoni, Mungu amsaidie mtoto.

Jioni nikaenda nyumbani, nikavaa miwani, nikaona kile kibahasha kinawaka. Sanduku lilikuwa limejaa. Ile meseji ya sokoni ilikuwa imechukua nafasi ya mwisho. Nilikuwa na meseji za zamani ambazo sikutaka kuzifuta, zingine ni za pole wakati marehemu mume wangu alipotuacha. Nikafuta mbili, tatu. Simu ikatetemeka papo hapo. Meseji ya M-Pesa yenyewe ikaingia: umetuma 3,300, salio lako ni elfu mbili mia mbili na kitu.

Nikakaa kitandani. Nikarudi kwa ile ya mchana. Sasa nikaisoma yote mpaka chini. Kwanza haikutoka kwa M-Pesa, ilitoka kwa namba ya kawaida ya mtu. Pili, chini kabisa ilikuwa imesema salio langu jipya ni 4,075. Hebu nisaidieni hesabu. Nilikuwa na 5,640. Nikipokea 3,500 nitakuwa na ngapi? Ndiyo, 9,140. Mtu ananiambia nimeongezewa pesa, na papo hapo salio analoniandikia ni dogo kuliko lile nililokuwa nalo! Mtoto wa darasa la tatu angeona. Lakini mimi sikufika mstari wa chini.

Tunaiita simu hii mulika mwizi. Mwizi aliingia ndani yake mchana, na tochi haikumwona.

MAKOSA YANGU MAKUBWA YALIKUWA BAADAYE

Mkinisikiliza mpaka hapa mtasema, pole mama, umeibiwa. Asanteni. Lakini sikuja hapa kutafuta pole. Kuibiwa ni jambo moja, na nililofanya baadaye ni jingine.

Nilinyamaza. Nilimwambia mwanangu tu, naye kesho yake akanisaidia kutuma ile meseji kwa namba 456, ambapo mtu anaomba fedha alizotuma zirudishwe. Tulikuwa tumechelewa, zilikuwa zimeshatolewa. Kisha yule mama mjane akanijia kuuliza zamu yake. Nikamwambia, "Dada, bado wengine hawajatoa." Nilisema uongo huo kwa mdomo wangu. Nilifikiri nitauza mbuzi haraka, nirudishe, na hakuna atakayejua.

Mbuzi hakununuliwa wiki ile. Bei ilikuwa mbaya, kila mtu alikuwa anatafuta mbegu. Wiki ya pili mvua ikanyesha. Yule mama akaona majirani wanapanda, yeye shamba lake limekaa. Na katika kikundi maneno yakaanza. "Ni nani hajatoa?" Mmoja akamtazama mwenzake. Kuna mama ambaye mwaka uliopita aliwahi kuchelewa mwezi mmoja, basi wote wakamnyoshea kidole. Alikuja kwangu akilia, akasema, "Wewe ndiwe mweka hazina, waambie nimelipa." Nami nikamwambia, "Nitawaambia." Sikuwaambia.

Wiki ya tatu sikuweza tena. Siku ya mkutano nilisimama nikasema yote. Nilileta simu, nikaiweka juu ya meza, nikawaambia waisome. Palikuwa kimya. Nilingoja kufukuzwa. Katibu wetu ndiye aliyevunja kimya, akasema, "Mama, ungetuambia siku ile ile, kila mmoja wetu angemletea huyu mwenzetu kimkebe kimoja cha mbegu. Mikebe ishirini. Angekuwa amepanda."

Neno hilo lilinichoma kuliko kama wangenitukana. Kwa sababu ni kweli. Sisi tuna mwethya hapa tangu mababu. Tunachimba matuta pamoja, tunajengeana, tunachotea maji mgonjwa. Mbegu mikebe ishirini zingepatikana kabla ya jua kutua. Mwizi alichukua 3,300. Msimu wa yule mama niliuchukua mimi, kwa kuona aibu.

Niliuza mbuzi, nikalipa zote. Yule mama alipanda akiwa amechelewa, na alivuna debe moja ya ndengu mahali ambapo mwaka mwingine hupata nne. Nimemwomba msamaha mbele ya wote, naye amenisamehe. Lakini zile debe tatu hazikurudi.

MWIZI HAJUI SALIO LAKO

Sasa, tumejifunza nini? Baada ya hapo tulikaa kama kikundi, kijana mmoja wa hapa anayefanya kazi ya wakala akaja kutueleza, tukaandika mambo yetu. Nitawasomea, mchukue yale yanayowafaa.

La kwanza. Mwizi anaweza kuiga kila kitu cha ile meseji. Anaiga namba ya risiti, anaiga jina, tarehe, saa. Kitu kimoja hawezi kukiiga, nacho ni salio lako, kwa sababu halijui. Ni wewe tu unalijua, ikiwa unalijua! Hapo ndipo shida yetu. Wengi wetu hatujui tuna shilingi ngapi kwenye simu. Tunasema, "kuna kitu kidogo." Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema hivyo kabla ya simu. Kwa hivyo tumenunua madaftari. Kila pesa ikiingia au ikitoka, unaandika tarehe, kiasi, na salio. Mimi langu nalibeba kwenye kiondo pamoja na simu. Meseji ikija, nafungua daftari kwanza. Salio la meseji lisipolingana na hesabu yangu, sitoi hata shilingi.

La pili. Kabla ya kurudisha pesa ya mtu yeyote, kata simu. Kaa chini. Vaa miwani. Angalia ni nani aliyetuma ile meseji: ya kweli huja kwa jina la MPESA, haiji kwa namba ya mtu. Halafu uliza salio lako mwenyewe. Unaweza kubonyeza *334# hata kwa kabambe. Ukiwa unaongea na mtu huwezi kufanya hayo, na ndiyo sababu anapiga tena na tena. Hataki uwe na nafasi.

La tatu. Kama ni kweli mtu amekosea, mwambie kwa upole, "Mwanangu, tuma ile meseji yako kwa 456, wakiniuliza nitakubali." Njia hiyo ipo na ni ya haki kwa wote wawili. Mtu wa kweli atakushukuru. Mwizi atakutukana, na hapo umeshamjua. Na kama ni mwizi wa laini za Safaricom, namba yake unaipeleka kwa 333 bila malipo.

La nne. Fedha za kikundi zisikae kwenye laini ya mtu ya nyumbani. Sasa tuna laini ya kikundi peke yake. Simu anayo mama mmoja, namba ya siri anaijua mwingine, na daftari liko kwa wa tatu. Pesa haitoki mpaka watatu wakutane. Mtasema ni usumbufu. Ndiyo, ni usumbufu. Kulima matuta pia ni usumbufu, lakini bila matuta udongo wote ungekuwa mtoni.

La tano. Futa meseji za zamani kila mwisho wa wiki. Na zile usizotaka zipotee, zinakili. Mimi zile za pole za mume wangu niliziandika zote kwenye daftari, kurasa mbili za mwisho. Sasa nazisoma bila kubonyeza.

La sita. Lugha. Wengi wetu meseji zinakuja kwa Kiingereza na tunazipeleka kwa watoto watusomee. Kumbe ndani ya M-Pesa, pahali pa akaunti yako, unaweza kuchagua Kiswahili. Mwombe mtu unayemwamini akuonyeshe, lakini namba ya siri ubonyeze kwa kidole chako.

NYANYA ZETU WASIOSOMA

Nimalizie kwa wale wazee wetu wasiojua kusoma. Kuna watu wanasema, "Nyanya hajui simu, mpe mjukuu amshikie." Nami nilisema hivyo. Lakini nataka niwaulize. Yule nyanya anayeuza mbaazi sokoni, umewahi kumpunja shilingi kumi ukafaulu? Hapana. Pesa anazijua. Debe anazijua. Anajua ni nani anayedaiwa na tangu msimu gani. Anayeshindwa na herufi hajashindwa na hesabu.

Katika kikundi chetu tuna mama wawili wa namna hiyo, mmoja amepita miaka sabini. Tumewafundisha tarakimu kumi tu, sifuri mpaka tisa, kwa kutumia vitufe vya simu yenyewe. Ilichukua majuma manne, Alhamisi jioni, chini ya mwembe. Leo yule mkubwa anabonyeza namba yake ya siri mwenyewe, ameipa mgongo dunia nzima, pamoja na mimi! Na salio lake analiandika kwa namna yake, kwa makaa, kwenye ukuta wa jikoni. Mjukuu wake wa kiume hakufurahi sana. Nyanya alituambia kwamba tangu siku hiyo sukari nyumbani inakaa mpaka mwisho wa mwezi. Tulicheka, lakini mlielewa alichosema.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia mtupe simu ndogo mnunue kubwa. Kwa simu kubwa pia wezi wapo, tena wana milango mingi zaidi. Nimekuja kusema kwamba simu haijui kulinda. Anayelinda ni mtu mwenye daftari na mwenzake wa kusoma naye. Na siku utakapoibiwa, kwa sababu hata mjanja huibiwa, usikae na jambo hilo kitandani wiki tatu kama mimi. Sema siku ile ile. Wenzako wana mikebe.

Mwezi wa kumi unakuja tena. Zamu ya kwanza msimu huu tumempa yule mama, kabla ya wote, na fedha zake alizipokea mbele yetu, zimehesabiwa na watatu, na zimeandikwa.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Fedha za kikundi chenu zinakaa kwenye laini ya nani? Ni watu wangapi wanaojua salio lake leo?

2. Mweka hazina wenu akipoteza fedha kwa makosa, je, ataweza kuwaambia siku ile ile? Ni kitu gani kinaweza kumzuia?

3. Ni nani katika kikundi chenu ambaye namba yake ya siri inajulikana na mtu mwingine? Mnaweza kumsaidia vipi bila kumwaibisha?

4. Kila mmoja afungue simu yake sasa. Je, sanduku la meseji lina nafasi?